Nani Aliniagiza Zamu?

Ngaa. Kisha kimya kidogo, kisha ngaa nyingine.

Ni sauti ya nyundo ikipiga kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo pale gatini Shimoni. Niliisikia Jumamosi asubuhi nilipokuwa nikishuka kutoka barabarani, mkoba begani, nikasimama. Zamani ndivyo maboti ya watalii yalivyoitwa. Karani wa zamu hupiga chuma, nahodha anayefuata hujua kuwa ni yeye, husogeza boti lake. Tangu programu yangu ilipoanza kufanya kazi, kile chuma kilikuwa kimenyamaza kabisa, kikawa cha kutundikia majaketi ya kuokolea.

Nilijua kwamba programu imezimwa. Ni mimi niliyeizima, kwa mkono wangu, kwa amri ya mahakama. Lakini kubonyeza kitufe chumbani Ukunda hakukuniuma kama ile nyundo. Imekaa sikioni mwangu wiki nzima.

Leo ni Alhamisi. Mawingu yamefunika tangu alfajiri na mvua imekataa kunyesha, basi joto limekaa juu ya mabati kama mgeni asiyeaga. Niko kwa mama, ukumbini, na kitambaa cha meza kinanata kwenye viwiko vyangu. Nina utulivu usiolingana na mtu aliyeshitakiwa.

Acha niieleze kesi yenyewe, maana nimekuwa nikiizungukazunguka hapa kwenye blogu kwa muda, na baadhi yenu mnaniandikia kuuliza kama nimefungwa. Sijafungwa. Ni kesi ya madai. Kampuni moja ya Ukunda, iliyokuwa mwajiri wangu, inadai kwamba programu iitwayo Zamu ni mali yake. Inaiomba mahakama itamke hivyo. Kisha inaomba zaidi: nizuiwe kuandika programu nyingine yoyote inayofanana nayo.

Hilo la pili ndilo lililonikosesha hamu ya kula. Kunyang'anywa kazi niliyokwisha kuifanya naweza kulia nikanyamaza. Kuambiwa kichwa changu kisirudie kufikiri kinachokijua, hilo sikulipatia hata machozi.

Zamu ni kitu kidogo. Inapanga maboti ya Shimoni: nani anafuata kuwapeleka wageni Wasini na kwenye matumbawe, nani amerudi, nani injini yake mbovu. Kila nahodha huona nafasi yake kwenye simu. Ukielezwa utasema ni foleni tu, na foleni hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika. Nilidhani hivyo pia. Nilipomaliza chuo kikuu nikarudi nyumbani kusubiri kazi, niliketi na manahodha barazani kwao, kompyuta mapajani, nikiamini kwamba mchana mmoja utatosha.

Haukutosha. Foleni ya Shimoni ina adabu zake. Boti likikatiza zamu kwenda kumvusha mgonjwa kutoka kisiwani, halipotezi nafasi. Nahodha akimtukana karani wa zamu, siku hiyo ni wa mwisho, hata kama alikuwa wa kwanza. Na nahodha akifiwa, boti lake hutulia mpaka matanga yaishe, na siku anayorudi huwekwa mbele ya wote, na hakuna anayenung'unika. Hiyo ya mwisho tuliiita sheria ya msiba. Waliibishania kwa sauti za kufukuza kunguru. Je, mama mkwe anahesabiwa? Mama wa kambo? Aliyeachana na mkewe, mke akafa, naye? Niliandika, nikafuta, nikaandika tena.

Wakati kazi hiyo ikiendelea ndipo nilipokutana na Kev. Kev ndiye mwenye kampuni, kijana wa bara, mchangamfu, ofisi yake iko juu ya duka la simu pale Kona ya Musa. Alinichukua kwanza kwa majaribio, bila mkataba wowote, na katika siku hizo za majaribio Zamu ilikuwa bado haijakamilika. Fundo la kesi limefungwa hapo. Yeye anasema niliandika Zamu nikiwa mtu wake. Mimi nasema niliiandika siku zisizo za kazi, kwa kompyuta yangu, na hakuna aliyejua pale ofisini mpaka nilipowaonyesha ikiwa imeshasimama.

Walipoiona waliipenda. Wakaongeza sehemu ya malipo, ili mgeni alipe kwa simu kabla ya kupanda boti. Hiyo iliandikwa na wenzangu wawili kwa pesa za kampuni, nayo ni kazi nzuri. Naisema hapa ili nisije nikaisahau hasira ikipanda.

Tulienda hivyo, vizuri tu, mpaka mwaka huu. Kampuni ikamwajiri mwandishi mpya wa programu, hodari, simlaumu. Aliona kwenye msimbo kwamba boti lililokaa bila kufanya kazi linaweza kuruka kutoka mkiani mwa foleni hadi kichwani. Akaamua kuwa ni kosa. Akalirekebisha. Nahodha mmoja aliyetoka kumzika mkewe akashuka gatini siku yake ya kwanza, wenzake wamempisha njia, akatoa simu kutazama nafasi yake.

Simu ikamwambia yeye ni wa mwisho.

Nilimwomba Kev airudishe sheria ya msiba. Akasema mambo ya msiba ni ya kijijini, na wateja wake wa hotelini wanataka kitu tofauti: mwenye kulipa zaidi apewe boti bila foleni. Niliacha kazi wiki hiyohiyo. Niliondoka na nakala ya msimbo, sehemu ya malipo ikiwa ndani yake, nikairudisha sheria, nikawawashia manahodha Zamu upya kwenye seva niliyoikodi mwenyewe. Kampuni ikaenda mahakamani Mombasa, ikapata amri ya muda, na Zamu ikazimwa mpaka kesi isikizwe. Ndiyo maana ya ile nyundo.

Mara tu amri ilipotoka, Kev aliniomba tuonane. Tulikaa kwenye mkahawa wa hoteli moja Diani, mahali ambapo kiyoyozi hukufanya usahau uko nchi gani. Aliniagizia juisi ya ukwaju bila kuniuliza, kwa kuwa anajua ninachokunywa. Hilo ndilo gumu kwa Kev. Si mtu mbaya wa kumchukia kwa urahisi.

“Meju,” alisema, maana ndivyo anavyolikata jina langu, Mejumaa, “hii maneno ya korti ni ya watu wamekosa kazi. Wewe na mimi tuko na kazi. Weka tu saini hapa, tusonge.”

“Na sheria ya msiba?”

“Hiyo tutaangalia.”

“Umeiangalia tangu lini?”

“Aah, Meju. Watu wa Shimoni watazoea. Watu huzoea kila kitu.”

Karatasi aliyonisogezea ilisema kwamba Zamu ni ya kampuni tangu mwanzo. Nikikubali, kesi inaondolewa, na mimi ninakwenda Nairobi kuwa mkuu wa wahandisi katika tawi wanalolifungua. Jibu alilitaka kufikia Alhamisi. Yaani leo.

Nakiri hapa, kwa kuwa shajara isiyokiri ni tangazo tu: nilikiona kile kiti. Nilikiona kina magurudumu na dirisha kubwa nyuma yake. Nilijiona nikiwaeleza watu wa rika langu namna ya kufanya mambo. Niliimaliza juisi yote bila kusema hapana.

Siku iliyofuata nilipanda Kwale kwa wakili wangu. Bi Riziki ana ofisi ndogo karibu na mahakama, feni moja, na tabia ya kukutazama mpaka uongeze maneno ambayo hukukusudia. Nilimwambia nataka tushinde kwa njia iliyonyooka: Zamu ni yangu, niliitunga mimi, basi.

“Siku zile za majaribio,” alisema, “ulikuwa mfanyakazi wao au hukuwa?”

“Sikuwa.”

“Mimi nitasema hukuwa. Wakili wa kampuni atasema ulikuwa. Jaji atachagua, na siwezi kukuahidi atachagua nini.” Akavuta kiti. “Niambie jambo moja. Nani alikuagiza uifanye?”

“Hakuna. Ni wazo langu.”

“Ulikaa tu ukaota foleni ya maboti?”

“Ndiyo.”

Alinitazama kwa ule mtazamo wake. “Nenda kwenu ukaulize,” alisema. “Kabla hujaapa mbele ya mtu, ujue kazi ilianzaje.”

Niliudhika. Niliona kama ananitilia shaka. Nimesoma, nina shahada, nakumbuka kila mstari wa ile programu, sasa niende nikaulize watu ilianzaje kazi yangu mwenyewe? Lakini nilikwenda. Jumamosi, kama nilivyosema, nikaipata ile nyundo inalia.

Mwenyekiti wa manahodha wa Shimoni ni ami yangu, Ami Shee, mdogo wake baba. Ni mtu wa kelele, na majivuno yake makubwa ni mito ya boti lake, ambayo huipiga vumbi kila asubuhi kama mama wa bi harusi. Nilimkuta barazani na wenzake, wanakunywa kahawa, kila mmoja ameinua sikio kusubiri chuma.

“Shikamoo, ami.”

“Marahaba, bibi kompyuta. Umekuja kusikiliza muziki wetu?”

Nilikaa. Nikauliza moja kwa moja, kwa kuwa nikizunguka mbele yao hunizungusha zaidi. “Ami, nani aliniambia nitengeneze Zamu?”

Baraza zima likacheka. Mmoja akasema, “Sikizeni swali la msomi.”

“Nauliza kwa ajili ya kesi.”

“Ulijiamrisha mwenyewe, siyo?” alisema Ami Shee. “Ulishuka kutoka mbinguni na kompyuta kwapani. Mejumaa, sisi ndio tuliokutuma. Tulikuja kwa mamako na halua na doti ya leso, tukasoma Fatiha pale ukumbini. Wewe ukaikunja leso ukasema ahsante, kama mtu aliyepewa zawadi ya Idi.”

“Nilidhani ni zawadi.”

“Zawadi ya nini? Wakati ule ulikuwa umefanya nini, zaidi ya kumaliza wali wa mamako?”

Waliobaki walicheka mpaka mmoja akamwaga kahawa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeelewa.

Kwetu, anayetaka kuundiwa chombo hampelekei fundi karatasi. Humpelekea nguo na halua, watu hukaa, husomwa Fatiha, ndipo mbao ya kwanza ikatwe. Tangu hapo chombo ni cha aliyekuja na lile sinia la halua. Fundi anaweza kukiunda kwa mwaka mzima, akakipenda kama mwanawe, lakini hawezi kukiuza kwa mtu mwingine, wala hakiiti chake. Haya nayajua tangu utotoni. Nimekula halua za namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Lakini mafundi wote niliowaona wakipelekewa nguo walikuwa wanaume, na walipewa kikoi. Mimi nilipewa leso. Na leso kwa mwanamke wa pwani ni kitu cha kila siku. Hupewa kwenye harusi, kwenye Idi, akitoka safarini, akijifungua. Walikuwa hawajawahi kumwagiza mwanamke kazi ya ufundi, wakafanya walivyoona inafaa. Nami nilikuwa sijawahi kuagizwa na mtu, nikaona nilichozoea kukiona.

“Sasa tungekupa kikoi ukivae wapi?” aliuliza yule aliyemwaga kahawa, nilipowaeleza kosa langu. Nikacheka hapo, sikuweza kujizuia.

Nyumbani nilimuuliza mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

“Mimi nilijua,” alisema. “Nilidhani na wewe wajua. Watu wazima wamekuja mpaka nyumbani, wamevaa kofia, wamesoma Fatiha, mwenyewe ulikuwa umekaa pale. Nikueleze nini tena?”

Leso yenyewe nimeivaa mpaka imechakaa.

Jumatatu nikarudi Kwale nikamsimulia Bi Riziki kila kitu. Alisikiliza bila kuandika. Kisha akanieleza sheria kwa maneno mepesi: kazi ikiwa imeagizwa, haki yake huhesabiwa kuwa imekwenda kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama pande mbili zilikubaliana vingine.

“Mlikubaliana vingine?”

“Hatukukubaliana lolote. Tulikula halua.”

“Mashahidi?”

“Baraza zima. Na mama.”

Hapo alitabasamu, mara ya kwanza tangu nimjue. Alisema hata jaji akiona kwamba katika siku zile nilikuwa mfanyakazi wa kampuni, sasa kampuni ina kazi ngumu ya kueleza. Haikunituma. Haikujua. Na katika kitu inachodai ni chake tangu mwanzo, iliita kosa sehemu ileile ambayo walioagiza waliibishania kuliko zote. “Mtu hukijua alichokiagiza,” alisema.

Kisha akaacha kutabasamu. “Lakini uelewe unachokiapa, Mejumaa. Ukiapa hivi, kampuni itapata shida. Na wewe hutakuwa mwenye Zamu.”

Nilimwambia anipe siku moja. Nilichukua zaidi.

Nataka niziandike siku hizo kama zilivyokuwa. Kev sikumfikiria sana. Niliwafikiria wale wa barazani, nikitafuta namna ya kuwashinda. Kwa muda mrefu nimejitambulisha kwa watu kama mwenye Zamu. Hapa kwenye blogu, pale juu pembeni, imeandikwa hivyo. Kinango kuna kikundi cha akina mama kinachosimamia kioski cha maji, na siku lori la maji likifika, vita vya foleni ya madumu huisha kwa watu kuumizana. Walikuwa wamenitafuta wakitaka zamu ya maji. Nilikuwa nimeshajiona nikienda kutoka Kinango hadi kwingine, msichana mwenye programu yake. Sasa nikaombe ruhusa kwa Ami Shee na mito yake?

Na njia ilikuwepo. Hakuna karatasi. Fatiha haiachi alama ukutani. Ningeweza kuapa kwamba leso ilikuwa zawadi, na kwa sehemu ningekuwa nasema kweli, maana ndivyo nilivyodhani kwa miaka. Nina hakika hakuna hata mmoja wa barazani ambaye angekwenda Mombasa kunisuta mbele ya jaji. Wangenyamaza, kwa heshima ya marehemu baba yangu.

Wangenyamaza. Hilo ndilo nililolilalia nikaliamkia.

Kilichonitoa hapo hakikuwa wema. Ilikuwa hesabu, na hesabu ndiyo lugha ninayoiamini. Kev anadai nini? Anadai kwamba kwa kuwa nilianza kwake bila mkataba, basi pengo lile ni lake, aweke ndani yake chochote kimfaacho. Na mimi nilikuwa nataka kufanya nini? Kuchukua pengo lile la barazani, kazi iliyoanza bila karatasi, niweke ndani yake chochote kinifaacho. Nikiandika madai yake upande mmoja na yangu upande wa pili, nikifuta majina, ni mistari ileile. Programu mbili zikifanana hivyo, mwalimu wetu chuoni angetuita wote wawili ofisini kwake.

Nikajiuliza basi changu ni kipi. Sheria za foleni ni zao, walizitoa vifuani mwao wakipigiana kelele. Msiba, mgonjwa, matusi, vyote vyao. Changu ni namna nilivyovipanga vikakaa pamoja bila kugongana, na hiyo hakuna mahakama inayoweza kuitoa kichwani mwangu, ikiwa aliyeiagiza hajanizuia. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hasira ilinificha. Kampuni ikishinda, sitaandika tena kitu kama hiki maisha yangu yote. Manahodha wakiwa ndio wenyewe, itanibidi kuomba tu.

Basi jana niliomba.

Nilimkuta Ami Shee akipiga mito yake. Nilimwambia nitaapa kwamba Zamu ni ya kikundi, na kwamba nataka ruhusa ya kuitumia kazi ileile Kinango.

“Kinango kuna bahari?”

“Kuna foleni ya maji, ami. Madumu.”

Aliacha mto. Nilidhani atafanya mzaha mwingine. “Wanagombana?”

“Wanaumizana.”

“Na akifiwa mtu huko, dumu lake hukaa wapi?”

Nilisema sijui, nitawauliza. Akasema hilo niliulize kwanza kabla ya kuwasha kompyuta. Aliwaita wenzake, wakabishana kidogo, si sana, maana wageni walikuwa wanasubiri. Walikubali kwa sharti moja: nisiwauzie watu nafasi ya kuruka foleni. Niliwaambia mara hii tuandike. Mmoja akauliza kama Fatiha yao imekuwa haitoshi siku hizi. Nikamjibu kwamba Fatiha inatosha kwetu sisi tuliokuwepo, karatasi ni ya wale ambao hawakuwepo. Wakasoma Fatiha, kisha wakatia sahihi. Ami Shee aliandika jina lake kubwa mpaka la katibu likakosa nafasi.

Leo asubuhi nilikwenda Kwale. Bi Riziki, niliyempigia simu jana jioni, alikuwa ameshaandaa hati ya kiapo. Niliisoma yote, polepole, na nilirekebisha jambo moja: nilitaka sehemu ya malipo itajwe wazi kwamba ni kazi ya kampuni, iliyoandikwa na watu wa kampuni. Aliniuliza kwa nini nimpe mshitaki wangu kitu asichokiomba. Nilisema kwa kuwa ni chake. Akaongeza aya. Tukaenda kwa kamishna wa viapo, mzee mmoja mwenye mafua, nikaapa, nikatia sahihi, akapiga muhuri huku akipiga chafya. Hati ikatumwa mahakamani kwa mtandao, na mashahidi wanaofuata ni mama na watu wa barazani, ambao sasa wanagombania nani ataongea kwanza.

Hatujashinda. Nalijua hilo. Wakili wa kampuni ni hodari, na jaji hajawahi kula halua ya Shimoni kwa jinsi nijuavyo. Lakini kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, ninachokisema mahakamani ni kitu kilekile ninachokijua nikiwa peke yangu. Sikujua kwamba hilo lina nguvu kiasi hiki mwilini. Nimetembea kutoka kwenye ofisi ya yule kamishna kama mtu aliyevua viatu vilivyombana.

Kev alipiga simu nikiwa nateremka kwenda kutafuta gari. Nilipokea.

“Meju. Leo ni Alhamisi.”

“Najua. Hati yangu imeshaingia mahakamani.”

“Umesema ni yako?”

“Nimesema ni ya manahodha. Wao ndio walioniagiza.”

Alicheka, akidhani namtania, kisha akasikia kwamba sicheki. “Unajua umejitoa mwenyewe?”

“Najua. Na sehemu ya malipo nimesema ni yenu. Nimeshaitenga, iko peke yake, haijaguswa. Mtume mtu aje na flashi aichukue.”

Akaniuliza, na sauti yake haikuwa ya kesi wala ya biashara, sasa mimi nimebaki na nini.

Nilimwambia nina kazi Kinango, naanza Jumatatu. Nikamuaga, nikapanda gari.